Safari ya Kufuata Ndago ya Mize

Nilikwenda Pemba kufuata jani. Majirani zangu wa Mtoni, Unguja, niliwaambia nakwenda kumwona shemeji yangu, maana mtu mzima na mvi zake hawezi kusema anapanda meli kwa ajili ya ndago. Ndago! Kila mwenye konde anaijua na anailaani. Ukiing'oa leo, keshokutwa imechomoza tena.

Lakini hii ilikuwa nyingine. Marehemu mke wangu, Mize, mzaliwa wa Vitongoji, alikuja nayo tulipooana, kaifunga kwenye kitambaa kibichi, akaipanda nyuma ya nyumba. Kwao huiita ndago ya mwamba, kwa kuwa huota juu ya mawe ya pwani tu, na hata huko ni ya kutafuta. Mizizi yake ina vinundu vyeusi. Mize alivianika, akavitia kwenye kasha la nguo pamoja na udi. Harufu yake siwezi kuieleza. Ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yangu, basi.

Mize alifariki mwanzoni mwa masika. Siku moja kabla ya hitima ya arobaini nilishika jembe nikapalilia uwanja mzima, wageni wasije wakasema nyumba imekufa pamoja na mwenyewe. Kazi yangu ni bustani, nimezitunza za wakubwa miaka na miaka, na jembe langu halibakishi kitu. Niling'oa ndago zote, nikazikusanya, nikazitia moto. Moshi uliponifika puani ndipo nilipojua nimefanya nini. Nilimwaga maji, nikapekua majivu kwa vidole, sikupata hata kinundu kimoja. Tangu siku hiyo kila nikifungua kasha naona harufu imepungua. Nikasema, kabla haijakwisha kabisa, nakwenda kwao kuomba nyingine.

Mkoani tulifika asubuhi. Ulikuwa ule mwaka rupia zilipoondoka zikaja shilingi, na abiria melini hawakuwa na mazungumzo mengine. Mimi nilikaa peke yangu juu ya furushi langu. Mize kila mwaka aliniambia, "Twende basi kwetu," nami kila mwaka nikamjibu, "Mwakani, inshallah." Sasa nakwenda, na pembeni yangu amekaa mtu nisiyemjua na kuku wake watatu. Tuliposhuka, mchukuzi alinisikia nikiuliza gari la Chake, akacheka akamwambia mwenziwe, "Huyu ntu wa Unguja." Alinisikia mara moja tu! Mize alisema vivyo hivyo, ntu, na nilizoea kumtania.

Chake Chake niliingia karibu na adhuhuri, juu ya gari la mizigo, katikati ya magunia matupu yanayongoja karafuu. Nikasali, nikala mkate wa mofa kwa chai, nikashika njia ya mashariki kwa miguu. Mikarafuu ikapungua, ardhi ikaanza kuwa ya mawe, na upepo wa bahari ukanijia usoni. Kila niliyepishana naye alinisalimu na kuniuliza natoka wapi na nakwenda kwa nani. Nilijibu vizuri, kisha nikaendelea na njia yangu, na kila nilipobaki peke yangu niliona heri ningemsikiliza Mize mapema.

Vitongoji, baada ya alasiri. Nyumba ya Bi Riziki, dada mkubwa wa Mize, ilikuwa ya mwisho upande wa pwani. Nilipiga hodi mara tatu. Akatoka mama mwembamba, mjane kama nilivyokuwa mimi, akanitazama kwanza miguu, kisha uso.

"Karibu, shemegi. Umekuja mwaka huu."

Neno hilo lilinichoma, nikajifanya sikulisikia. Tulipeana pole. Habari ya msiba ilimfika yeye wakati Mize ameshazikwa siku tano, hata kumwosha mdogo wake hakuwahi. Alinipa uji wa pilipili manga, akakaa mbele yangu akinitazama ninavyokunywa.

"Na ndago yake?" akauliza. "Haijambo?"

Swali hilo sikulitegemea. Nikasema lile lililonijia mdomoni, na kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake. "Ilikufa, Bi Riziki. Upepo wa bahari mwaka huu ulikuwa mkali. Imekufa kwa chumvi."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Imekufa kwa chumvi! Ndago ya mwamba! Inuka, shemegi. Inuka nikuoneshe."

Nyuma ya nyumba palikuwa na mtungi uliovunjika shingo, umejazwa mchanga na kokoto za matumbawe, na ndani yake shada moja la ndago, majani membamba ya kijani kikavu. Alinieleza kuwa ufukweni haipo tena. Wachoma chokaa wamebomoa mwamba wote pale ilipokuwa ikiota, na hiyo aliiokota mwenyewe. Kisha akainua ndoo iliyokuwa kando ya mtungi, akaimiminia maji.

"Maji ya nini hayo?"

"Ya bahari. Kila Alhamisi."

"Unaiua, Bi Riziki!" nilipiga kelele, mkono nimeshanyoosha kumzuia.

Hapo nikaiona ile ndoo. Chini yote imeliwa na kutu, vitundu vinavuja. Nikakaa chini mchangani.

Nyumbani kwangu ndoo zilikuwa hazidumu. Kila baada ya miezi tulinunua nyingine, nami nilikuwa nikienda kumfokea Kanji, mwenye duka la pembeni, kwamba anatuuzia bati bovu. Kila Alhamisi Mize alikwenda pwani kununua dagaa, ndoo mkononi. Na mimi nyumbani nilikuwa nimepiga marufuku: chumvi isikaribie mimea yangu. Ile ndago nilikuwa naitia samadi na maji matamu ya kisima, nikamwambia Mize ona, imestawi kwa mkono wangu. Alitikisa kichwa akasema, "Kweli, fundi."

Nilimwambia Bi Riziki yote. Jembe, moto, majivu. Alisikiliza, ndoo bado mkononi.

"Hakukwambia habari ya maji?"

"Hakuniambia."

"Alikuogopa?"

"Alijua nitagomba," nikasema. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona maishani mwangu.

Aliingia ndani, akaniacha pale pale. Nilikaa peke yangu na ule mtungi mpaka magharibi ikaadhiniwa. Nilijua ana haki ya kuninyima. Ana shada moja, na mimi nimekwisha kuangamiza moja.

Asubuhi ya pili nilimkuta ameshaupindua mtungi na kulipasua shada nusu kwa nusu. Nusu yangu aliifunga kwenye gunia kwa mchanga wake.

"Ulikuwa unamsafishia uwanja wake," alisema bila ya kunitazama. "Usiipe samadi. Mchanga na kokoto, basi. Ikishika niletee habari. Isiposhika, niletee habari vilevile. Sina wa kunijia hapa."

Njiani kurudi nililipakata gunia mapajani, kwenye gari na melini. Mama mmoja aliniuliza nimebeba dawa gani. Nikamwambia ndago. Alisogea kidogo.

Mtoni nilichimba shimo, nikatoa udongo mzuri wote nilioutengeneza kwa miaka, nikajaza mchanga na kokoto. Wiki tatu majani yalikauka moja moja. Niliteka maji ya bahari kwa chungu cha kupikia, na majirani wakaniuliza kama napika mchuzi wa majani. Wiki ya nne likachomoza jani moja, kama sindano. "Mize!" niliita. "Njoo uone!" Nilishasimama kumngojea mlangoni ndipo nilipokumbuka.

Siku ile ile nilikwenda dukani kwa Kanji. Aliponiona nagusa ndoo aliacha kupima sukari.

"Mzee, hii bati nzuri. Nisije kulaumiwa tena."

Nilimwomba radhi. Nilimwambia bati lake halikuwa na kosa, hata siku moja. Watu huniuliza nimejifunza nini Pemba, na hilo ndilo jibu ninalowapa, wakadhani nafanya mzaha. Kanji naye hakuelewa. Akanifungia ndoo kwa karatasi ili isichubuke.

"Usiifunge," nikamwambia. "Hii naitaka ipate kutu."