Buibui wa Upande wa Kivuli

Mlango wa buibui huyo ni mdogo kama kifungo cha shati la mtoto mchanga. Mwenyewe ni kama punje ya wimbi. Unaweza kupita karibu naye maisha yako yote usimwone, kwa sababu mlango ameufunika kwa udongo uleule wa ukingo.

Mimi namjua kwa sababu nakandika nyumba. Udongo tunachimba kwenye ukingo wa kijito, upande unaopigwa na jua. Ule wa kivulini una mizizi, haushiki ukutani. Kwa hiyo jembe halifiki huko, na huko ndiko anakokaa. Mwanamume wa hapa atajuaje? Alikandika lini?

Gari lilipokuja kutoka Homa Bay na madam wa utafiti, mume wangu alikuwa kisiwani Takawiri na nyavu zake, basi kaka yake akajifanya mwenye boma. Madam alisema anatafuta wale wadogo kabisa, wa jamii ya buibui wakubwa wa manyoya, na anahitaji mtu wa kumtafutia wiki nzima. Shemeji akampeleka kwenye kichuguu, akamtolea jibuibui kama kiganja.

"Huyu je?"

"Mkubwa mno."

"Sasa madam, mtu huacha samaki mnono kama ngege akatafuta vidagaa vya omena?"

Nikawaambia, "Hawako huko. Nifuateni." Mtoto mgongoni, nikapiga magoti ukingoni, nikainua mlango mmoja kwa ncha ya nyasi. Madam alilala kifudifudi kwenye tope. Akanionyesha meno ya yule mdudu kwa kioo cha kukuzia: yanashuka pamoja kama majembe mawili, hayabani kama koleo. Akasema hawa hawahami, shimo la utotoni ndilo la uzeeni. Nilifurahi, sitadanganya. Tangu nimalize kidato cha nne kule Suna, hakuna aliyewahi kunieleza kitu kama mtu mwenye akili.

Jioni nikamwomba ile kazi. Akamtazama mtoto.

"Mama, bado ananyonya. Atalia, utachoka."

"Leo amelia?"

Mwanamke mwenzangu! Kazi akampa shemeji.

Asubuhi huyo jikoni kwangu. "Shemeji, hebu nielekeze tena. Wewe si mtu wangu?"

Nikamwambia atumie nyasi na apige magoti.

"Nimpigie buibui magoti?" Akacheka, akachukua jembe langu.

Kufikia saa sita upande wote wa kivuli ulikuwa lundo la udongo. Madam akaja kwangu mbio, viatu vimejaa tope.

"Mama, kuna ukingo mwingine?"

Mtoto alikuwa mgongoni, kimya, ananyonya kidole.

"Muulize mtafutaji wako," nikamwambia, nikaendelea kuosha masufuria.

Upo mwingine. Naupita kila nikienda kuteka maji. Gari liliondoka siku ileile, na mpaka leo shemeji anawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyemharibia kazi.