Askari wa Kifuani

Mtu akikukatiza hadithi, unamgombeza. Mimi hadithi zangu zilikatizwa na kifua changu mwenyewe, sasa nimgombeze nani? Nilikuwa naanza vizuri, "Basi yule nyati akatoka kwenye mahindi, akaniangalia..." halafu kikohozi, mluzi kifuani, pumzi kwisha. Jirani yangu hapa Kansay ndiye akawa ananimalizia, na siku hiyo ya nyati hakuwepo! Kwake lazima nyati anikimbize mpaka suruali ibaki kwenye miiba. Watu wanacheka, mimi nahema.

Ndiyo nikaenda hospitali, Karatu mjini. Si kwa kuogopa kufa, nisiwadanganye. Ni uchungu wa ile suruali.

Daktari, binti mdogo tu, alinipulizisha kwenye mashine, akasema mapafu yameharibiwa na moshi wa miaka mingi, wa kiko na wa jikoni, na hayatarudi kuwa mapya. Akapima na damu.

"Babu, una eosinofili nyingi."

Nikapiga ishara ya msalaba, maana jina hilo ni la mtakatifu kabisa.

"Ni chembe za damu, babu. Askari wa kupambana na minyoo."

Akanipa dawa ya minyoo. Niliporudi akapima tena, askari bado wamejaa. "Basi hawakufuata minyoo," akasema. "Wako kwenye mapafu, wanayavimbisha bure."

Mke wangu, aliyenisindikiza, akadakia: "Kama mbwa wetu! Tembo akiingia shambani wanajificha uvunguni, jirani akija kuomba chumvi wanamrarua."

"Hao hao, bibi."

Basi juu ya dawa ya kuvuta ya kufungua kifua, akaongeza nyingine ya kuwatuliza hao mbwa, yaani askari. Alisema wagonjwa wenye askari wachache hiyo ya pili haiwafai sana. Nikajiona mtu wa maana. Akaniagiza nisukutue mdomo kila nikivuta dawa hiyo, na kiko nikiache. Kiko! Hapo nilibisha, mke wangu akashinda.

Wiki zikapita, mluzi ukapungua. Jumapili moja, watu wamejaa kwangu, nikasimulia nyati wangu mpaka mwisho bila kukohoa hata mara moja: akaniangalia, nikamwangalia, akageuka, akaenda zake.

Wote wakabaki wananitazama mdomoni.

"Halafu?" akauliza mzee mmoja.

"Halafu basi."

Mke wangu akaniinamia sikioni. "Baba," akaninong'oneza, "hebu kohoa kidogo, jirani amalizie."