Ghati, vifaranga na brekidauni inayolala Musoma

Kumekucha kidogo tu mtaani Nkende, mjini Tarime, na wenye akili zao bado wamejifunika blanketi kwa baridi. Ghati Nyangwine yuko chini ya gari. Inaonekana miguu tu, na kandambili moja imeshamtoka. Anagonga chuma kwa spana, anatega sikio, anagonga tena.

Anajivuta nje, anajipangusa, anawasha kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo, na kukizima. Anakiwasha tena.

"Umesikia?" anauliza. "Kuna kitu kinalia. Kila safari kinalia, na kila fundi ananiambia gari zima."

Ukweli ni kwamba injini inaunguruma kama injini nyingine yoyote. Kinacholia kiko kifuani kwa Ghati, na kimekuwa kikilia tangu Machi.

Mama huyu wa watoto watatu, mwenye umri wa miaka 39, anabeba vifaranga wa siku moja. Basi la kutoka Mwanza humshushia makasha Tarime, naye huyapakia na kuwapelekea wafugaji wa wilaya ya Serengeti, wengi wao wakiwa kata ya Mbalibali. Kila safari, akishatoa mafuta, humwachia kama shilingi elfu hamsini. Kwa wiki anakwenda mara mbili, mvua ikikubali.

Ni mzigo wenye roho, na hapo ndipo penye tabu. Gari likitembea, hewa inapita kwenye matundu ya makasha na vifaranga wanapiga kelele zao wakiwa salama. Likisimama juani, hewa nayo inasimama, na muda si mrefu kelele zinaanza kupungua.

"Saruji ikilala njiani, kesho ni saruji bado," anasema Ghati. "Kifaranga akilala njiani, kesho unachimba shimo."

Machi mwaka huu alichimba. Mkanda wa feni ulikatika akiwa ameshavuka Mto Mara, injini ikachemka, gari likagoma. Aliyatoa makasha moja moja, akayaweka kwenye kivuli cha kichaka, akaanza kuyapepea kwa kanga. Magari yalipita. Madereva anaowajua kwa majina walimpungia mkono na kwenda zao. Alipopata msaada jioni, vifaranga zaidi ya mia mbili walikuwa wamekufa, na kanga alikuwa bado nayo mkononi.

Vifaranga hao walikuwa wa kikundi cha akina mama cha Mbalibali, wateja wake wakubwa. Mwenyekiti wao, Tabitha Waitara, hakumtukana. Alimwambia neno moja ambalo Ghati anasema liliuma kuliko tusi. "Mwenzetu, tunakupenda, lakini mzigo mwingine ukifa tunatafuta gari lingine."

Tangu siku hiyo Ghati hajatulia. Alianza kutafuta bima ya kuvutwa gari, ile ambayo ukiharibikiwa unapiga simu, brekidauni inakuja kukuchukua. Alikwenda Bomani, kwenye ofisi za mawakala, akakuta picha nzuri ukutani: gari kubwa la manjano lenye mnyororo, na dereva anatabasamu.

Wakala aliyempokea, Eunice Nashoni, anamkumbuka vizuri. "Wateja huuliza bei, wakipunguziwa wanatia sahihi," anasema Eunice akicheka. "Dada huyu aliingia, hata hajaketi, akaniuliza: hiyo brekidauni usiku inalala wapi?"

Inalala Musoma. Ghati alipiga hesabu ya mwendo wa kutoka Musoma hadi njia ya Mbalibali, akatikisa kichwa. Akauliza kama inaingia barabara ya vumbi. Eunice alipekua karatasi, akasoma kwamba nje ya lami huduma hutolewa kwa makubaliano.

"Makubaliano na nani?" Ghati aliuliza. "Na vifaranga?"

Akauliza la tatu: mzigo je? Gari likivutwa, makasha yanapanda juu ya nini? Hilo halikuwemo kabisa. Eunice, ambaye angeweza kunyamaza akapata kamisheni yake, alimwambia ukweli. "Dada, hii ya laki mbili kwa mwaka ni nzuri kwa mtu wa lami. Hii nyingine ya elfu sitini, kwa njia yako, unanunua karatasi."

Ghati hakukata tamaa. Alisikia kampuni nyingine ina namba fupi ya dharura inayopokelewa saa zote. Siku aliyopeleka makasha Sirari, mpakani, akaona aijaribu kabla ya kuilipia. Simu yake ilikuwa imeshahamia mtandao wa Kenya, kama zilivyo simu nyingi zikifika Sirari, ikamkaribisha ugenini kwa Kiingereza. Namba ya dharura haikuita hata mara moja. Anacheka akisimulia, lakini kicheko hakifiki machoni.

"Nikawaza, kumbe naweza kukwama nikiwa nyumbani, simu ikaniona mgeni."

Ndipo akafunga safari kwenda kumwona Simioni Marwa, dereva mkongwe wa njia ya Tarime na Mugumu anayebeba ndizi. Alikuwa na deni la swali. Simioni ni mmoja wa waliompungia mkono mwezi Machi.

"Shikamoo baba. Siku ile uliniona."

"Marahaba. Nilikuona."

"Mbona hukusimama?"

"Na wewe ukituona sisi, huwa unasimama?"

Ghati anasema hapo alikosa pa kuangalia. Miaka yote hiyo, akikuta mwenzake amekwama, alikuwa akitoa mkono dirishani na kupaza sauti: "Nashusha vifaranga, narudi!" Akishashusha, alikuwa akila, akipumzika, akirudi kesho yake. Aliamini kila mtu anaelewa mzigo wake, kwa hiyo amesamehewa. Hakuna aliyewahi kumwambia kinyume, naye aliuchukua ukimya wao kuwa ndiyo.

Kumbe madereva wa njia hiyo wana bima yao, na haiuzwi Bomani. Wameitoa shambani. Wakurya wana risaga: watu wanaitana kulima shamba la mmoja wao, mwenye shamba anawapikia, siku nyingine wanahamia kwa mwingine. Hakuna anayelipwa. Ila asiyekwenda kwa wenzake, siku yake ikifika atabaki yeye na jembe lake. Madereva nao hufanya hivyo barabarani. Anayekwama anafuatwa, anavutwa, na akishafika salama anawalisha waliomvuta. Hata Wajaluo na Waikoma wanaoendesha njia hiyo wamo, na wanaiita kwa jina hilohilo.

"Hatukumchukia," anasema Simioni. "Mtu hawezi kuvuna kwenye risaga ambayo hajawahi kuishikia jembe. Ndiyo hivyo tu, mura, kijana wangu."

Ghati alirudi Nkende na mawazo mawili yanayogombana. "Ya kulipia iko mbali. Ya madereva iko karibu, lakini inanitaka nisimame, na mimi nikisimama naua. Sasa nichague nini?"

Hajachagua bado anapoingia barabarani asubuhi hii. Nyuma yake wako vifaranga mia sita wa kikundi cha Tabitha, mzigo wa kwanza mkubwa tangu ule wa Machi. Anaendesha dirisha likiwa wazi apate kusikia. Wakinyamaza kidogo, mguu wake unatoka kwenye mafuta. Wakipiga kelele, anashusha pumzi.

Mbele kidogo, baada ya daraja la Mto Mara, kuna matawi mabichi yamelazwa barabarani, ishara ya dereva aliyekwama. Pembeni ya kalavati limesimama gari la ndizi. Aliyeketi kwenye kivuli chake, kofia magotini, ni Simioni.

Ghati anapunguza mwendo. Uso umemkauka. Jua limeshapanda, na Mbalibali bado ni mbali. Anasimama, lakini haizimi injini.

"Shikamoo baba! Ni nini?"

"Marahaba. Klachi. Imekufa kabisa."

Ghati anageuka kutazama makasha, anamtazama mzee, anayatazama tena makasha. "Baba, nashusha, narudi."

Simioni hakasiriki. Anaweka kofia kichwani taratibu. "Hilo neno nimelisikia siku nyingi, binti yangu. Nenda, wasife."

Safari iliyobaki Ghati anafunga breki kwenye makorongo, anakanyaga mafuta panaponyooka, na mara mbili anaifuta shingo kwa kiganja. Anajisikia vibaya na hafichi. "Bora angenitukana," anasema hatimaye.

Mbalibali, akina mama wanamsubiri. Tabitha anafungua makasha mwenyewe, anaingiza mkono, anahesabu kwa macho. Wamekufa wanne tu katika mia sita. Anapiga kigelegele, na wenzake wanapokea.

"Ijumaa utuletee wengine," anasema. "Njoo ndani, chai imeiva."

"Sinywi, mama. Nimeacha mtu."

"Unakimbia kama uliyeacha chungu motoni! Hata chai ya kukaribishwa unaikataa?"

Anaikataa. Kukataa chai ya Tabitha si jambo dogo Mbalibali, na akina mama wanatazamana. Ghati ameshageuza gari. Njaa anayo, mgongo unamuuma, na safari hii kirikuu kinaruka juu ya mawe kikiwa kitupu, kamba ya kuvutia ikicheza nyuma. Kwa mara ya kwanza leo, haulizi kama kuna kitu kinalia.

Anafika kwenye kalavati. Simioni hayupo. Gari la ndizi halipo. Yamebaki matawi tu, yamesogezwa pembeni, na alama za matairi makubwa.

Ghati anashuka. Anasimama katikati ya barabara na kamba mkononi, na machozi yanamlengalenga. Anapiga simu.

"Baba, uko wapi?"

"Nipo kwa fundi, Mugumu. Lori la mchanga limenivuta. Na wewe?"

"Nipo hapa kwenye kalavati."

Upande wa pili zinasikika nyundo za mafundi.

"Kalavati gani?"

"Hapa ulipokuwa. Nimekuja na kamba. Nisamehe baba, nimekuta umeshaondoka."

"Ghati," mzee anasema, na sauti yake imebadilika. "Kwenye risaga, mtu akifika na jembe lake akakuta shamba limekwisha kulimwa, anafanywa nini?"

Ghati anafikiri. Anaifuta pua kwa ncha ya kanga.

"Anapewa chakula kama wenzake."

"Basi njoo ule. Wa lori nao wapo hapa, wakuone sura, siku ukikwama wasikupite. Ijumaa si una mzigo?"