Gari Lililokula Nyumba ya Usagara

Wiki iliyopita mwenzangu mmoja wa ofisini alinisogezea simu yake nione picha ya gari. Viti saba, rangi ya fedha, injini ya cc elfu tatu, na bei iko chini kuliko ya vile vigari vidogo vinavyojaa mjini. "Dada, hii si bahati jamani?" akaniuliza. Niliitazama ile picha, na ghafla nikasikia harufu ya viti vya ngozi vilivyopigwa jua, petroli na samaki wa barafu. Nikamrudishia simu, nikamwambia anunue pikipiki. Alicheka sana. Mimi sikuwa natania.

Wewe nitakueleza, kwa sababu yeye hakuwa na muda wa kunisikiliza.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Nyakato, pale Mwanza, katika nyumba ya ua mmoja, wapangaji watano na bomba moja. Baba alikuwa msimamizi wa chumba cha barafu katika kiwanda cha minofu ya sangara. Mama alishona nguo kibarazani. Mimi nilikuwa wa kwanza, nikifuatiwa na wadogo zangu wawili wa kiume. Mama mwenye nyumba alikuwa mtu mwema siku za Jumapili tu. Siku zilizobaki alikuwa na sheria: mtoto asikimbie uani, cherehani isilie baada ya magharibi, mgeni asilale bila kuonekana. Nyuma ya ukuta kulikuwa na miamba, na jioni yale mawe yalikuwa yanarudisha joto la mchana kutwa. Ukikaa mle uani ulijisikia kama maandazi ndani ya kapu lililofunikwa.

Alichotaka mama hapa duniani ni kutoka mle. Alikuwa na haki ya kutaka, maana yeye na baba walikwisha kununua kiwanja Usagara, karibu na njia panda, na msingi ulikuwa umejengwa. Mwisho wa mwezi ulipofika, baba alipeleka saruji kidogo au tripu ya mchanga. Mama alikuwa akienda kule kila alipopata upenyo, anapalilia mihogo aliyoipanda kuzunguka msingi, anarudi na vumbi miguuni na uso umechangamka. "Mwaka kesho tunaezeka," alikuwa akituambia, na sisi tulimwamini.

Ndipo gari likaja.

Lilikuwa la mfanyabiashara wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, mzaliwa wa Mwanza, ambaye mama alikuwa akinunua kwake uzi na vifungo. Baba aliliona limeegeshwa nje ya duka, limeandikwa linauzwa. Yule mzee alimwambia ukweli wote, mimi nikiwa nimesimama pale pale. "Mzee mwenzangu, gari ni zima, sikufichi. Lakini inakunywa. Mimi na duka langu hili imenishinda."

Sasa sikiliza kosa la watu wa kwetu. Sisi tumezoea muuzaji anayeapa kwa jina la Mungu, anayekuvuta mkono, anayekuambia mteja mwingine yuko njiani. Baba hakuwahi kukutana na muuzaji anayeponda mali yake mwenyewe. Alirudi nyumbani macho yanang'aa. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alimwambia mama. "Yule mzee hajitembezi hata kidogo. Hataki kuliuza lile, anatafuta namna ya kunifukuza." Keshokutwa yake akaenda kulilipia, mbio, kabla mzee hajabadili mawazo.

Nisiseme uongo, tulifurahi. Jumamosi ya kwanza tulikwenda ufukweni, tukala sato wa kukaanga na ndizi, vidole vinang'aa mafuta, na dagaa walioanikwa mchangani wakitufuata kwa harufu mpaka ndani ya gari. Jumapili iliyofuata tukaenda Magu kwa bibi. Alitupikia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, akatujazia mfuko wa michembe, viazi vilivyoanikwa vibichi, kisha akalizunguka gari taratibu, akaligonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayenunua chungu. "Ng'ombe mkubwa hivi," akamuuliza baba, "mnamlisha wapi?" Wote tukacheka, baba akicheka kutushinda.

Jibu lilikuwa sheli, kwenye kituo cha mafuta. Gari lilikula kila siku. Ile taa ya njano ya kuonya kwamba mafuta yanakwisha, ambayo kwenye magari ya watu huwaka mara moja moja, kwetu ilikuwa kama taa ya kawaida ya kuonyesha gari linatembea. Plagi zilikuwa sita wakati wenzetu wana nne. Oili iliingia karibu mara mbili ya ile ya gari la jirani. Matairi yalikuwa ya saizi ambayo mtumba wake haupatikani, ni mapya au utembee kwa miguu. Hata leseni ya barabara, ile ya kubandika stika kwenye kioo, miaka ile ilitozwa kwa ukubwa wa injini, na sisi injini yetu ilikuwa ya kutosha kuendesha mashine ya kusaga.

Na bado hujasikia la mama mwenye nyumba. Alilitazama lile gari lilivyojaza ua wake mwezi mzima, kisha akapandisha kodi. "Mwenye chombo kama hiki," alisema, "hawezi kulipa kodi ya maskini."

Chakula kilianza kutembea kinyumenyume. Kutoka sangara tukaenda kwa dagaa, na kutoka dagaa tukafika kwenye mapanki, ile mifupa inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Mama aliyachemsha na nyanya na ndimu mpaka yakawa matamu kabisa, na hata leo nikiyasikia harufu natamani. Lakini tulijua tunakula mifupa kwa sababu nyama iko kwenye tangi. Mwisho wa mwezi ulikuja ukaondoka bila mfuko wa saruji. Mwezi mwingine vile vile. Mama akaacha kusema mwaka kesho, akawa anasema "Mungu akipenda."

Ungeuliza kwa nini baba hakuliegesha tu. Alijaribu. Lakini kwetu mwenye gari haombwi, anaarifiwa. Lilikuwa na viti saba, na misiba ya mtaa mzima ikajua. Mtu akifariki Misungwi, ni sisi. Mgonjwa wa kupelekwa hospitali, bibi harusi wa kwenda kanisani, jeneza la kufuata mpaka ndani kabisa huko, ni sisi. Walikuwa wakigonga lango alfajiri. "Baba, pole kwa usumbufu, tumepata tatizo." Wengine walichangishana hela kidogo ya mafuta, wakamletea imekunjwa kwenye kiganja, naye akairudisha. "Mfiwa hadaiwi petroli," alisema, na wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Mama alikuwa nyuma ya pazia anasikia. Nilimwona anauma uzi kwa meno ingawa mkasi ulikuwa mapajani mwake.

Jina la baba lilipotea, akawa Mzee wa Gari. Hapo ndipo aliponaswa kabisa. Kuliuza asingeweza, wangesema amefulia, hana kitu. Kuliendesha asingeweza, mshahara ulikuwa hauvuki wiki ya pili. Akaanza kuondoka nyumbani kabla hakujapambazuka, aende kazini kwa miguu watu wasimwone, na sisi tukiulizwa tuseme amefuatwa na gari la kiwanda. Mimi nilipita kando ya lile gari kila asubuhi nikienda shule, nikalichukia kama unavyomchukia mgeni anayekaa kwenye kiti chako. Nilikuwa mtoto, lakini nilijisikia nimefungiwa, na nilijua aliyefunga mlango yuko ndani pamoja nasi.

Safari tulizolazimika kwenda, baba alibuni njia ya kubana mafuta. Kwenye kila mteremko alizima injini. Tukifika juu ya kilima alisema, "Kimya sasa," kana kwamba hata maneno yanakunywa petroli, kisha anazungusha ufunguo na gari linanyamaza. Tulishuka kwa upepo mtupu, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi, jasho linatutiririka, usukani umekuwa mzito mpaka mishipa ya mikono yake inasimama. Wadogo zangu walipenda, walisema tunaruka. Mama alishika rozari. Mara moja kundi la ng'ombe lilikuwa likivuka chini ya mteremko, baba akasimamia breki kwa miguu yote miwili, tukasimama pua ya gari ikiwa karibu kumgusa dume mmoja mweupe, ambaye hakuhangaika hata kugeuka.

Lakini si ng'ombe waliotumaliza, ni kule kubana kwenyewe. Lile lilikuwa gari la otomatiki, na gari la namna hiyo likizimwa huku linatembea, mafuta ya giaboksi hayazunguki, vyuma vinasagana vikavu ndani kwa ndani. Siku moja tukirudi kutoka msibani baba aliwasha, akaweka gia, injini ikanguruma vizuri kabisa, na gari halikwenda popote. Alikanyaga tena. Likanguruma tena. Tuliketi mle ndani tukisikiliza petroli inaungua bure, na hakuna aliyethubutu kufungua mlango.

Bei ya giaboksi nyingine ilikuwa kubwa kuliko kitu chochote tulichokuwa nacho, isipokuwa kimoja. Baba alimweleza mama usiku ule kwa sauti ya chini, na chumba chetu kilitenganishwa na chao kwa pazia, hivyo nilisikia. Gari bovu halina mnunuzi, alisema. Tukilitengeneza tutaliuza kwa bei nzuri, tutanunua kiwanja kingine, pengine kikubwa zaidi. Mama akasema, "Wewe ndiye baba wa nyumba." Kwetu maneno hayo yanaweza kuwa heshima na yanaweza kuwa mwisho wa mazungumzo.

Nikuambie mapema usije ukatumaini bure. Giaboksi ilipatikana, gari likatembea, na wanunuzi walikuja. Walilizunguka, wakasifu rangi, wakafungua boneti, wakaiona ile injini, wakafunga boneti na kuaga kwa adabu. Lilikaa pale uani mpaka kuku wakalitagia. Mwishowe liliuzwa kipande kipande, leo taa, kesho kiti.

Ninachotaka kukueleza ni siku ya kukabidhi kiwanja. Tulikwenda kwa basi, baba, mama na mimi. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, pamoja na majirani wa mipaka kuwa mashahidi. Mnunuzi alikuwa mwalimu aliyehamishwa kutoka Nansio, amekuja na mkewe mwenye mtoto mgongoni. Kwa desturi, muuzaji ndiye anayetembeza watu kwenye mipaka. Baba akatangulia, akafika kona ya pili akasimama, anatazama huku na huku. Majirani wakaanza kutazamana.

"Siyo hapo," mama akasema kwa upole. Akapita mbele, akatutembeza sote kutoka mkonge mmoja wa mpaka hadi mwingine, bila kutafuta, kama mtu anayezunguka kitanda chake gizani. Baba alifuata nyuma na mikono mgongoni.

Wanaume walipoketi kwenye mawe ya msingi kuandikishana, mama alibaki amesimama na mke wa mwalimu kwenye ile mihogo. Akamuuliza, "Mdogo wangu, jiko mtaliweka wapi?"

Mke wa mwalimu akanyoosha kidole upande wa nyuma, penye kivuli.

"Hapana, usiliweke hapo. Mchana upepo unatoka upande wa ziwani, moshi wote utawaingilia watoto ndani. Liweke kule chini, na mlango uutazamishe barabarani, ili ukiwa unasonga ugali umwone anayekuja. Mvua ikinyesha maji yanapita hapa, kwa hiyo chimba mfereji kabla hujaezeka. Na hapa asubuhi panapata jua mapema, ni pazuri kumkalisha mtoto mchanga."

Mke wa mwalimu alimtazama kwa mshangao. "Dada, umeyajuaje yote haya? Si mmesema hamjawahi kukaa hapa?"

"Mimi nimekaa," mama akasema. "Nimekaa sana." Kisha akainama akaanza kuchuma majani ya kisamvu, akamwachia mwenzake mihogo yote.

Siku hizi mengi ya wakati ule hayapo. Baba ni mzee wa bakora, anapanda bodaboda na kulicheka lile gari kuliko mtu yeyote. Bado wanapanga, mtaa mwingine, nyumba nzuri yenye bomba la ndani, na kodi nasaidia mimi. Nikipita Usagara naiona nyumba ya mwalimu, bati limeanza kufanya kutu, na jiko liko kule chini, mlango umetazama barabarani. Ile ni nyumba yao, wameijenga kwa jasho lao na sina neno nao.

Ninayoililia ni ile nyingine, aliyokuwa akiishi mama peke yake, kichwani mwake, miaka yote ile akipiga cherehani uani kwa watu. Sikuwahi kumuuliza ilikuwa na vyumba vingapi, wala mimi alinilaza kipi. Mwaka juzi nilijikaza nikamuuliza. Aliendelea kuchambua mchele, akasema amesahau.