Mshona vibendera wa Section 58 anatafuta mkono wa pili

Saa tatu asubuhi, Perpetua Akeyo anafunga ncha ya utepe kwenye chuma cha dirisha la sebuleni, kisha anarudi nyuma polepole, utepe ukimpita mkononi, mpaka mgongo wake unagusa mlango wa jikoni. Hapo anasimama. Nyumba yake hapa Section 58, Nakuru, haina nafasi zaidi ya hiyo.

"Mita nne na nusu," anasema, bila kumwambia mtu. Anapiga alama ya chaki, anatembea hadi dirishani, anafungua fundo na kulifunga tena mahali pengine.

Akeyo, mwenye umri wa miaka 63, hushona vibendera vya kitambaa, vile vya pembe tatu vinavyoning'inizwa kwenye harusi, mahafali na sherehe za kanisa. Huvikata kutoka kwa mabaki anayonunua kwa mafundi wa mjini, huvipiga pasi, huvipanga kwa rangi ndani ya karai, halafu huvishonea kwenye utepe mrefu, kimoja kila baada ya upana wa vidole vitatu. Mita moja humpa shilingi 40. Wiki nzuri hufikisha mita mia.

Kwa miaka kumi na moja kazi hii ilikuwa ya watu wawili. Mumewe, Nicodemus Ooko, alikuwa akirudi kutoka kiwandani, anavua viatu na kushika ncha ya pili.

"Nikimwambia avute kidogo, anasema, 'Mama Celestine, hii si kamba ya ng'ombe,'" Akeyo anakumbuka.

Ooko alifariki miaka mitatu iliyopita. Binti yao, Celestine, anauza chakula Mai Mahiu, pale malori yanaposimama, na hupiga simu kila Jumapili. Siku zile nyingine sita, sauti anayoisikia mama huyu ni ya cherehani.

"Redio nilizima. Inaniongelesha na hainijibu."

Agosti mambo yaliharibika. Utepe wake hukatwa kimshazari ili ujipinde vizuri, na utepe wa namna hiyo huvutika. Ukifungwa dirishani ukavutwa na mtu mmoja, unarefuka; ukiachiliwa, unarudi. Watu wawili huushika bila kuukaza. Akeyo alipima hivyo mita 60 za harusi, nyekundu na dhahabu. Zilipofika ukumbini zilikuwa zimepungua karibu mita saba.

Karishma, mpamba kumbi ambaye ndiye mteja wake mkubwa, alimpigia simu akiwa juu ya ngazi. "Mathe, zimeisha kabla ya kufika meza kuu. Sasa hapo niweke nini, leso?"

Akeyo alibeba vibendera vya kijani alivyokuwa navyo nyumbani, akapanda boda boda. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuona kazi yake ikiwa imening'inizwa. Alisimama mlangoni wageni wakiingia.

"Kuna kimoja pindo lake limekaa upande. Nilikiona kutoka huko mbali," anasema. "Watu walipita chini yake, hakuna aliyeangalia juu. Nikangoja kidogo, labda mtu ataniuliza mimi ni wa upande gani, wa bwana ama wa bibi. Halafu nikarudi nyumbani."

Karishma hakumwacha. Amempa oda ya mita 200 za Desemba, lakini kwa sharti: vipimo vikikosea tena, atatafuta fundi mwingine.

"Kazi yake ni safi," Karishma anasema. "Lakini siwezi kumwambia bibi harusi angoje. Nilimwambia, mathe, tafuta mtu wa kukushikia."

Hapo ndipo penye ugumu. Akeyo alijaribu kulaza pasi juu ya ncha ya utepe; pasi ikaanguka na kupasua kigae cha sakafu. Mlango wa pili anaishi Cheptoo, mwalimu mstaafu aliyehamia Februari, naye pia yuko peke yake. Kwa miezi minane wamesalimiana juu ya ua, na hakuna aliyewahi kuingia kwa mwenzake.

"Anafagia mlango wake mara mbili kwa siku, na hakuna uchafu," Akeyo anasema. "Mimi najua kufagia kwa namna hiyo."

Kwa nini basi hajamwita?

Anachomoa pini moja kwenye kola yake na kuirudisha. "Ukimwita mtu akushikie kamba, anajua huna mtu."

Jumamosi hii amepanga kwenda kubisha. Ameshanunua majani ya chai na nusu kilo ya sukari. Atampa Cheptoo shilingi kumi kwa kila mita, ila hayo atayataja mwisho. Kwanza atamkaribisha tu chai.

Na akikataa?

Akeyo anaukunja utepe kati ya kidole gumba na kiwiko, taratibu, mpaka unaisha.

"Atakataa. Hata mimi ningekataa siku ya kwanza," anasema. "Nitarudi Jumatatu."