Kuku Thelathini na Mmoja wa Mama Owuor

Jua halijachomoza Turwa, pembezoni mwa mji wa Tarime, lakini Eunice Wegesa ameshafika uani kwa jirani yake. Amekataa chai. Amekataa kigoda. Anazunguka banda jipya la kuku, anainama kuchungulia uvunguni, anainuka, anazunguka tena.

"Mama Owuor, fungua basi," anasema. "Moyo wangu utapasuka hapa."

"Subiri kupambazuke," anajibu mwenye kuku, Felistas Adhiambo, mjane wa miaka 61. "Watu watahesabu nini gizani?"

Jana jioni waliingia humo kuku thelathini na mmoja, na huu ndio usiku wao wa kwanza kulala nje ya jiko la Felistas. Wakitoka wote, fundi amefaulu. Lakini kwa Eunice, aliyelijenga banda hili kwa mikono yake, hesabu ya leo si ya kuku peke yake. Miaka miwili iliyopita alimwita mama huyu mwizi.

Eunice, 38, ni seremala. Marehemu baba yake, mzee Simioni, alimfundisha kupiga randa kabla hajajua kusonga ugali. Eunice alitengeneza milango na vitanda, na kuku wake aliwajengea banda la kujivunia: magogo mazito kama ya zizi la ng'ombe, mlango mnene, kufuli kubwa.

"Sisi Wakurya mwizi tunayemjua ana miguu miwili na panga," anasema akicheka. "Nikajenga kumzuia huyo. Kati ya gogo na gogo nikaacha nafasi ya hewa, mkono mzima unapita. Na bado nikajiona fundi!"

Kuku wakaanza kutoweka, mmoja leo, mwingine keshokutwa. Katika wiki tatu walipotea kumi na mmoja, na kufuli liko vilevile. Ufunguo wa pili alikuwa nao mtu mmoja tu, Felistas, aliyeachiwa ili awafungulie kuku Eunice akiwa kazini. Na Felistas ni mchuuzi wa kuku. Huwanunua vijijini, huwauza sokoni Nyamisangura, na siku nyingine hufika nao mpakani Sirari. Kwa mwenye hasira, ushahidi ulikuwa umetimia.

"Nilimwambia mbele ya watu," anasema Eunice, na hapo kicheko kinamkauka. "Mtu ninayempa shikamoo kila asubuhi. Nikamwambia kuku wangu wako kwenye tenga lako."

Felistas hakugombana. Jioni ile alikuja na beseni la majivu, akayamwaga kulizunguka banda na juu ya magogo, akamkabidhi Eunice ufunguo wake, akaenda zake. Asubuhi kuku wa kumi na mbili hakuwapo, na majivu yalikuwa yamejaa nyayo ndogo ndogo. Wazee walipozitazama walisema ni kanu, mnyama mwembamba mwenye madoa na mkia mrefu wa mapete, anayepanda ukuta kama amewekewa ngazi.

Eunice alikwenda kuomba radhi siku hiyohiyo. Felistas alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni. "Nimekusikia," akasema, basi. Tangu hapo shikamoo yake imejibiwa marahaba na hakuna la ziada, wala hajawahi kukaribishwa kuvuka kizingiti kile.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Eunice si mtu wa kukaa akiyatazama. Alibomoa banda lake la fahari akaanza upya. Mabanda yake ya sasa husimama juu ya nguzo nne zilizovishwa bati laini, ili kucha ziteleze. Wavu wake ni wa matundu madogo, na mlango una makomeo mawili. Mfukoni hutembea na yai la mti alilolichonga mwenyewe, na kwenye kila upenyo hulijaribu.

"Penye kupita yai, kanu anapita," anasema. "Likipita, nabandua ubao naanza tena. Sina aibu."

Amejenga mabanda ishirini na sita hapa Turwa na kule Nkende. Kwa banda kama hili hutoza shilingi laki moja na tisini elfu, na akishanunua mbao na wavu hubaki na kama elfu hamsini.

"Kitanda kinalipa zaidi," anakiri. "Lakini hakuna mtu aliyewahi kunipigia simu asubuhi kwa furaha ya kitanda!"

Mwezi uliopita kanu alimgeukia Felistas mwenyewe, akambebea kuku saba. Mama wa watu akawahamishia waliobaki jikoni, akavumilia kinyesi chini ya masufuria na jogoo anayewika sikioni. Mwisho akamwita fundi. Aliuliza bei, akalipa yote, punguzo hakulitaka.

Sasa kumepambazuka. Eunice anainama kwenye nguzo ya nyuma na kupiga ukelele.

"Njoo uone! Alikuja!"

Kweli, bati lina mikwaruzo mipya, mirefu, kutoka juu hadi chini. Kanu alipanda, akateleza, akapanda tena. Je, aliishia hapo? Felistas naye uvumilivu umemwishia. Anavuta komeo la kwanza, anavuta la pili.

Jogoo anatoka kwanza, kifua mbele, kama aliyelinda lindo peke yake. Wanawake wawili wanahesabu kwa sauti. Kumi. Ishirini na mbili. Ishirini na tisa. Thelathini. Kisha hatoki mwingine. Eunice amejishika kichwa. Felistas anaingiza mkono ndani, anapapasa kwenye kiota cha pembeni.

"Huyu hapa, analala tu! Mvivu we!"

Eunice anaruka juu, anapiga vigelegele, majirani wanachungulia juu ya ua. Maneno yanamtoka mfululizo. Mwezi ujao anakwenda Natta, wilayani Serengeti, ambako kikundi cha akina mama kinamsubiri. Adui wa kule ni nyegere, mwenye kung'oa mbao kwa kucha, na Eunice ameshachora banda la sakafu mbili na vyuma pembeni.

"Nataka mwanamke yeyote wa Mara alale usingizi," anasema, "na asimshuku jirani yake kama nilivyofanya mimi."

Felistas anawatazama kuku wake wakichakura, kisha anainama ghafla na kumkamata mtetea mnono kuliko wote.

"Huyu amepona kwa kanu," anasema, "kwetu haponi."

Anausukuma mlango wa nyumba yake kwa kiwiko, unafunguka wote.

"Ingia ndani, nyathina," anamwambia, yaani mwanangu kwa Kijaluo. "Firigisi ni yako."