Mtihani wa Ngazi

Ofisi ya Mama Ratiba iko ghorofa ya nne, na jengo halina lifti. Wengine wenye ofisi humo hulalamika kila siku, yeye katu. Mtu akija kutaka kupelekwa kwenye maziwa ya juu, yale yaliyolala chini ya barafu ya mlima, Mama Ratiba huteremka mpaka mlangoni, humpa mkono na kumwambia, "Haya, tupande. Njiani nisimulie ulivyokutana na mwenzi wako."

Mgeni hudhani ni umbea, na kusema kweli umbea kidogo umo. Lakini huo ndio mtihani. Sikio la mama huyu linasubiri kitu kimoja tu: sauti itakatika wapi. Anayefika juu bado anasimulia harusi, jina lake linaingia kwenye orodha ya maziwa. Anayeishiwa pumzi ghorofa ya pili, hata posa bado haijapelekwa, anapewa njia ya bondeni, yenye maua mengi na hewa tele. Bwana mmoja mwenye suti na cheo aliwahi kupiga meza akikataa bonde. Mama Ratiba alimmiminia chai. "Kunywa, baba," alimwambia. "Kule juu hewa haiulizi mtu cheo chake."

Mtihani huo aliubuni kaka yake mkubwa, kiongozi wa misafara, ambaye watu wote humwita Kobe kwa sababu ya mwendo wake. Miaka ishirini na saba amepandisha watu na kuwarudisha wote, wengine wakitapika, wengine wakilia, lakini wote. Yeye anaongoza, dada anapanga: siku, kambi, mahema, wapagazi, mifuko ya kulalia, vidonge vya kichwa. Mama Ratiba mwenyewe hajawahi kuvuka kambi ya kwanza. Anaogopa baridi kuliko simba, wala hafichi.

Msimu huu walikuja walimu wanane wastaafu. Wote walifaulu, mmoja alifika ghorofa ya nne akiwa tayari kwenye mume wa pili. Jumatatu Kobe akaja ili wapange safari, akamkuta dada yake mlangoni na furushi la karatasi. Wakapanda pamoja.

Ngazi zilipokata kona ya kwanza, Kobe alisimama, akashika chuma cha ngazi. "Nilikwambia yule mgeni aliyeuliza kama mlima unafungwa Jumapili?" Wakacheka. Kona ya pili, kichekesho kingine, kizuri kuliko cha kwanza. Kona ya tatu akaanza cha tatu, na alipofika mwisho alicheka mabega tu, sauti hakuna.

Mama Ratiba hakucheka. Sikio lilikuwa limeshafanya kazi yake. Mwaka jana kichekesho kilikuwa kimoja.

Mganga hajigangi, ndivyo wasemavyo. Kobe amewarudisha bondeni watu chungu nzima kwa pumzi kama ile, na yake mwenyewe anaifunika kwa mizaha. Akiandikwa kiongozi, huenda akaanguka huko juu, na walimu wanane nyuma yake. Akifutwa, atakaa nyumbani akitazama mlima dirishani, na huko nako ni kufa, ila kidogo kidogo. Siku mbili Mama Ratiba alichovya mkate kwenye chai na kuusahau humo.

Siku ya tatu alimwita binti wa Kobe, naibu wa baba yake kwa miaka sita.

"Shangazi, mimi nilijua tangu mwaka jana," binti alisema. "Nilikuwa nasubiri wewe useme."

"Na mimi nilidhani ungesema wewe! Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mpeleke kwa daktari, mwambie ni cheti cha kazi."

Daktari alisema moyo mzima, mapafu mazima, ila umri umebisha hodi. Asibebe kitu, asiongoze mtu, na siku za kupanda ziongezwe. Mama Ratiba akazitoa sita, akaweka tisa. Kisha akamwita kaka yake, akamketisha.

"Kaka, nimekuweka kwenye orodha."

"Ulitaka kuniweka wapi, kabatini?"

"Orodha ya wageni. Mwanao ataongoza."

Kobe alisukuma kiti nyuma. "Mgeni? Mimi? Mlima ule nimeufundisha mimi kutembea! Nibebewe begi na vijana niliowafunga kamba za viatu?"

"Ndiyo. Na chai utaletewa hemani."

"Na nikikataa?"

"Njia ya bondeni ina maua mazuri."

Binti aliziba mdomo kwa mkono. Kobe akamgeukia dada yake. "Una roho ngumu, mdogo wangu."

"Uliniambia asiyepita ngazi hapiti, hata angekuwa nani." Akamsogezea fomu ya wageni na kalamu. "Nakupenda, kaka. Jaza fomu."

Akaijaza, kalamu ikikwaruza karatasi kwa hasira. Akaiacha mezani, akashuka bila kuaga. Hata hivyo, kwenye kona ya pili walimsikia akipiga mluzi.

Mama Ratiba akaisoma kama anavyosoma fomu zote: namba ya kiatu, dawa, mzio. Swali la mwisho huuliza, "Ukifika ziwani, ungependa kufanya nini?" Walimu walikuwa wameandika kupiga picha, kutia miguu majini, mwalimu wa jiografia alitaka kuigusa barafu aliyoichora ubaoni miaka thelathini. Kobe aliandika: "Kukaa. Kila mara nafika, nasimika mahema, nahesabu watu, nageuza. Sijawahi kukaa."

Aliisoma mara mbili. Kisha akaichukua ratiba, ile ile anayoinakili kila msimu kwa miaka kumi na tisa, akatafuta mstari wa ziwa. "Mapumziko: saa moja." Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Aliona aibu, akafuta, akaandika: "Siku nzima." Tisa zikawa kumi.

"Shangazi," binti aliita kutoka mlangoni, simu mkononi, "wapagazi wanauliza kama kuna mzigo wa kuongeza."

"Kiti," alisema Mama Ratiba. "Kimoja tu, cha kukunja."